Saa Tatu Ubaoni

Jumatano, 2 Aprili

Nimerudi kazini baada ya Idi, na kikao cha kwanza kilikuwa cha michezo. Emmaculate, mkuu wetu wa utumishi, alisoma orodha ya mashindano ya watumishi wa Pwani, na alipofika kwangu akasoma kama anavyosoma kila mwaka: Bi Ruwaida wa masjala, maji ya kunywa na mikoba. Miaka thelathini na moja nimelinda mikoba ya watu wanaokimbia. Oktoba natimiza sitini na ajira yangu inakwisha, basi leo nikasema sitaki. Emmaculate akauliza nataka nini. Nikamwambia nataka kucheza.

Wakaanza kunitafutia mchezo kama wanaomtafutia mgonjwa chakula. Kuvuta kamba magoti hayataki, bao limeshapata watu. Kulibaki vishale vya kurusha ubaoni, jozi ya mwanamke na mwanamume, na mwanamume mwenyewe ni Jacktone, dereva wa ofisi. Jozi itakayoshinda Pwani itakwenda fainali za taifa Kisumu mwezi wa Agosti. Kisumu sijafika. Mbali kabisa nilikofika ni Voi, nako nilikwenda mazishini. Nimeandika jina langu kwa mkono wangu mwenyewe, na nataka kwenda Kisumu.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimemwambia Aqil, mume wangu. Akasema, "Mtezo wa baani huo," yaani mchezo wa walevi, akarudi kwenye redio yake.

Jumatatu, 7 Aprili

Somo la kwanza, chumba cha nyuma cha masjala, saa saba mchana baada ya kuswali. Naandika yote nisije nikasahau.

Ubao ni wa duara, umegawanywa vipande ishirini mfano wa keki. Kila kipande kina namba yake, moja hadi ishirini, lakini hazifuatani. Ishirini iko juu kabisa, na majirani zake ni moja na tano. Jacktone anasema aliyeupanga ubao alikusudia kumwadhibu mwenye tamaa: ukilenga ishirini ukakosa kidogo, unaambulia moja. Kuna pete mbili nyembamba. Ya nje, pembezoni kabisa, huifanya namba kuwa mara mbili, nao huiita dabo. Ya ndani huifanya mara tatu. Katikati ni jicho, hamsini, na kiduara kinacholizunguka ni ishirini na tano. Kwa hiyo anayedhani jicho ndilo kubwa amekosea, maana ishirini mara tatu ni sitini.

Kila zamu ni vishale vitatu. Unaanza na mia tano na moja, unapunguza, unapunguza, mpaka sifuri kamili. Na kishale cha mwisho lazima kitue kwenye dabo. Ukipitiliza, zamu nzima imepotea na unarudi ulipokuwa. Hili nimelipenda. Michezo mingine yote watu hulimbikiza, huu watu hupunguza.

Unasimama mita mbili na sentimita thelathini na saba kutoka ubaoni. Kishale changu cha kwanza kilichoma faili la likizo za mwaka 1998. Cha pili kilianguka miguuni pangu.

Kisha tukagombana. Ubao wetu hauna namba. Zilikuwa kwenye pete ya waya inayotolewa ili ubao uzungushwe, usichakae upande mmoja, na mtu aliitoa akaipoteza. Jacktone akasema si neno, tutatumia saa. Akaniambia, "Mama, rusha saa tatu." Nikarusha kushoto, na kwa mara ya kwanza kishale kikakaa ubaoni. Akasema hapana, hiyo ni saa tisa, saa tatu iko kulia.

Nikamwuliza: saa tatu asubuhi, mshale mdogo wa saa unaelekea wapi? Unaelekea penye tisa, na penye tisa ni kushoto. Akasema lakini penye tatu pameandikwa tatu. Nikamwambia kilichoandikwa ni cha Wazungu, saa ni ya Waswahili. Mtu amekaa Bamburi miaka kumi na minne na bado Kiswahili chake kina kokoto. Sikumwambia hilo la kokoto, lakini nadhani uso wangu ulisema.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua imeanza. Mkono unaniuma hadi kwapani.

Alhamisi, 10 Aprili

Jacktone amenionyesha kwenye simu wachezaji wa kulipwa wa Ulaya. Ukumbi una maelfu ya watu, wengine wamevaa kama ndizi, wanaimba kama harusini, na mbele yao mtu mmoja, mnene, mtulivu, anarusha kishale cha gramu ishirini na kitu kana kwamba yuko peke yake chooni. Sitini, sitini, sitini. Mia na themanini, na hakuna zamu inayozidi hapo. Akipata zamu nzuri mfululizo, humaliza mia tano na moja kwa vishale tisa tu. Jacktone anasema hiyo ni mara chache hata kwao.

Nimewatazama miguu. Hawaruki, hawatupi kwa nguvu. Mguu wa mbele unabeba mwili, bega halitikisiki, kiwiko kinabaki mahali pake, mkono unafunguka na kuishia ukielekea ubaoni. Ni kama kumpa mtu kitu, si kumtupia. Nikajaribu hivyo na vitatu vyote vikakaa ubaoni. Nilifurahi nikaona haya.

Jumatano, 16 Aprili

Nimetoa amri: humu ndani saa ni za Kiswahili. Juu ni saa sita, kulia saa tisa, chini saa kumi na mbili, kushoto saa tatu. Jacktone amekubali kwa mdomo, lakini kila akisisimka hurudi kwenye saa za kwao. Leo nimemsahihisha mara kumi na moja. Nusu ya mazoezi imekuwa darasa la lugha.

Jumanne, 22 Aprili

Sitini! Ishirini mara tatu, wallahi. Nililenga kumi na nane, lakini ubao haukuuliza.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua. Hakuna la kuandika ila nimenunua kilo mbili za maembe na zote tamu.

Ijumaa, 2 Mei

Leo nimefanya jambo ambalo sitaki kuliandika, ndiyo maana naliandika.

Tulialika jozi ya ofisi ya Changamwe kwa mchezo wa kirafiki. Griffin, mtu mzima wa makamo, amecheza vishale miaka ishirini na ana mfuko wa ngozi wa kuvitia. Mwenzake ni Lynnette, binti mpole, lakini mkono wake si mpole. Ofisi nzima ilikuja kutazama. Tulikuwa tunakwenda vizuri. Ilipofika zamu yangu, kelele nyingi, Jacktone akaniambia lenga saa tisa, naye alitaka kushoto. Nilielewa vizuri alichotaka. Badala ya kurusha, nikageuka. Nikasema kwa sauti ya darasani kwamba mimi sirushi mpaka niambiwe kwa Kiswahili, na kwamba mtoto wa chekechea wa Mkomani anajua saa kuliko yeye.

Watu walicheka. Mmoja wa masjala akamwambia Jacktone arudi darasa la kwanza. Jacktone naye alicheka, akatazama viatu vyake. Vishale vyake vitatu vilivyofuata, viwili viligonga ukuta. Mtu huyu sijawahi kumwona akigonga ukuta.

Tukashindwa.

Jumamosi, 3 Mei

Nilimsimulia Aqil nikidhani atacheka. Alizima redio, jambo ambalo halifanyi hata habari zikiwa mbaya. Akasema, "Umemvundia mtu heshima mbee za watu, Ruwaida. Na huyo ndiye akufunzao." Nikamjibu kuwa nilikuwa na haki. Akasema sikukosea saa, nimekosea mahali. Nikaenda jikoni nikapika kwa hasira, na wali umeungua.

Jumatatu, 5 Mei

Jacktone amekuja kwa wakati, akasema shikamoo, na tangu hapo hakutamka neno. Ananionyesha kwa kidole. Kidole kulia, kidole kushoto, kidole juu. Anaokota vishale vyangu, ananikabidhi kwa mikono miwili. Adabu yake inaniuma kuliko angenitukana.

Jumanne, 6 Mei

Kidole tena. Leo nimegundua kwamba mahali ninaposimama pamewekwa kipande cha mpira mzito kilichokatwa vizuri, maana sakafu inatoa maji msimu huu na mimi huvua viatu. Nikamwuliza Kadenge, bawabu wetu, nani ameweka. Akasema ni dereva, siku nyingi, tangu wiki ya pili ya Aprili. Mwezi mzima nimesimama juu yake na sijaangalia chini.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemwomba radhi. Nilikuwa nimetunga maneno marefu, yakanitoka kichwani yote, nikasema tu kwamba nilimkosea mbele za watu na najuta.

Jacktone alikaa juu ya kreti. Akasema, "Mama, mimi nilifunzwa Kiswahili na fimbo. Mwalimu wetu kule Ahero, karibu na Kisumu, naye alikuwa hakijui, lakini fimbo alikuwa anaijua. Mtu akinicheka kwa hiyo lugha, mkono unakufa." Hakusema kwa uchungu, alikuwa ananieleza tu kwa nini aligonga ukuta, kama fundi anavyoeleza kwa nini gari haliwaki.

Mimi Kiswahili nilinyonyeshwa. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anayekivaa kama kiatu kinachombana, na bado anatembea nacho kila siku ili tuelewane. Nilitaka kulia, nikaokota vishale. Nimejiwekea nadhiri na sitamwambia: kuanzia leo Jacktone akisema saa yoyote, mimi nitaisikia kwa saa ya kwao. Sita ikiwa sita, tatu ikiwa tatu, kama palivyoandikwa. Mimi ndiye mwenye lugha, basi mimi ndiye wa kusogea.

Jumatatu, 12 Mei

Emmaculate ameleta ubao mpya wenye namba zake zote. Hakuna saa tena. Jacktone anasema kumi na tisa, nami narusha kumi na tisa. Amani kubwa, na nadhiri yangu haina kazi.

Tatizo langu ni moja. Namba za pembeni, sita iliyo kulia na kumi na moja iliyo kushoto, kwa yale mabishano yetu zimenichanganyikia kabisa. Lazima nizisome. Bila miwani naona rangi na nyaya zinazogawa vipande, namba sizioni.

Jumatatu, 19 Mei

Leo somo la kumalizia, na naona hili ndilo lenye akili kuliko yote. Jacktone anasema wachezaji wa kulipwa hupenda kubakiwa na thelathini na mbili au kumi na sita. Kwa nini? Ukibakiwa na kumi na sita unahitaji dabo ya nane. Ukikosa ukaangukia ndani, umepata nane tupu, imebaki nane, yaani dabo ya nne. Ukikosa ndani tena, imebaki nne, dabo ya mbili. Ukikosa tena, dabo ya moja. Kila kosa linakuachia mlango mwingine. Lakini ukibakiwa na namba isiyogawika kwa mbili, kumi na moja kwa mfano, huna dabo. Lazima upoteze kishale kuirekebisha kwanza.

Tumepiga nane na nne mpaka naziona nikifumba macho. Nane iko kushoto, chini kidogo ya kati. Nne iko juu kulia. Hizo hata miwani sihitaji.

Ijumaa, 23 Mei

Nane, nne. Nane, nne. Nimemjibu Emmaculate "nane" aliponiuliza hali.

Jumanne, 27 Mei

Barabara ya Kisauni imejaa maji, sikwenda kazini. Nikamkuta Aqil ameutundika ule ubao wa zamani nyuma ya mlango wa stoo, Jacktone amempa bila kuniambia. Anarusha akiwa amevaa kikoi na soksi. Alipata jicho, kisha akadai kwamba alilenga. Tumecheza mpaka adhuhuri, na redio haikufunguliwa.

Ijumaa, 30 Mei

Kesho Likoni. Nimepiga pasi buibui mara mbili.

Jumamosi, 31 Mei

Tulivuka asubuhi mvua ikinyesha. Ukumbi una bati linalovuja, watu wengi, madirisha yamefungwa, joto la maji ya kuchemka. Jozi ya kwanza tuliishinda kirahisi. Ya pili tuliishinda kwa jasho, na Jacktone alipata mia na arubaini ambayo mpaka sasa naisikia masikioni. Saa tisa alasiri tukaingia fainali. Waliokuwa wanatungoja ni Griffin na Lynnette.

Michezo mitatu, mshindi wa miwili. Wa kwanza wao, wa pili sisi. Wa tatu tulikwenda bega kwa bega hadi Griffin akaacha zimebaki arubaini. Arubaini ni dabo ya ishirini, na aliyekuwa anafuata upande wao ni Lynnette, ambaye dabo ya ishirini huipiga kama anabonyeza kengele. Sisi tulibakiwa na ishirini na mbili. Zamu ilikuwa yangu.

Nilijua kwamba nisipomaliza sasa, Kisumu imekwenda. Nilisogea kwenye mstari na miwani ikafunga ukungu. Nikaifuta kwa ushungi, ikafunga tena. Nikaivua. Ubao ukabaki rangi tupu, nyekundu na kijani. Ishirini na mbili, nusu yake kumi na moja, na kumi na moja iko wapi, kulia au kushoto? Kichwa kilikuwa kitupu. Nikageuka kwa Jacktone nikamwambia namba sizioni, ipo wapi?

Watu walikuwa wanapiga makelele. Akasogea karibu na sikio langu, akasema polepole, kila neno peke yake, "Saa tatu, mama."

Nikaikumbuka nadhiri. Saa tatu ya kwao, penye tatu, kulia. Nikashukuru moyoni kwamba nilikuwa nimejitayarisha. Nikageuka, nikapeleka kishale kulia.

Ukumbi uliguna. Msimamizi akatangaza: sita, imebaki kumi na sita. Nilimtazama Jacktone, na uso wake ulikuwa umekauka. Nikajua kuna kitu kimeharibika, lakini kumi na sita nilikuwa naijua. Kumi na sita ni nane. Nane haikunihitaji nione. Nikampa ubao kishale cha pili, kikaingia ndani kidogo ya waya wa dabo, nane tupu, imebaki nane. Nane ni nne. Juu kulia. Nilisema bismillahi na mkono ukafunguka wenyewe.

Sikuona kilipotua. Nilimwona Emmaculate akiruka juu ya kiti, na Jacktone ameshika kichwa kwa mikono yote miwili, analia na kucheka. Dabo ya nne. Tunakwenda Kisumu.

Griffin alikuja kunipongeza. Akawatangazia watu kwamba mama huyu amecheza kama wale wa televisheni: mwingine yeyote angekimbilia dabo ya kumi na moja, akose abakiwe na kumi na moja isiyogawika, lakini mama ameichukua sita makusudi ili aiache kumi na sita. Akasema hajawahi kuona utulivu kama ule kwa mtu anayeanza. Watu wakapiga makofi. Nami, Mungu anisamehe, nikasema alhamdulillahi, nikanyamaza.

Jumapili, 1 Juni

Simu tangu asubuhi. Dada yangu Noor amewaambia Mkomani nzima kwamba nina akili ya hesabu. Aqil anawaeleza wageni habari ya ile sita, akionyesha kwa vidole. Kila wakinisifu najiona mwizi. Ile sita sikuichagua. Niliambiwa sehemu moja nikarusha nyingine, au aliyeniambia alikosea, sijui. Naogopa kuuliza. Nikiuliza nikakuta Jacktone ndiye aliyekosea, nitakuwa nimemrudisha darasani tena.

Jumanne, 3 Juni

Jana ilikuwa mapumziko ya Madaraka, leo ndiyo nimemwona. Mvua imekatika, jua la kwanza wiki nzima. Nilimngoja atoke garini, nikaona afadhali nijitwike mimi lawama. Nikamwambia: Jacktone, kule Likoni nadhani nilikusikia vibaya. Ile saa tatu ilikuwa kulia au kushoto?

Akatazama viatu, nikaogopa. Kisha akasema, "Kushoto, mama. Saa tatu ya kwenu. Nimeifanyia mazoezi nyumbani karibu mwezi mzima kwa saa ya ukutani, mpaka bibi yangu akaniuliza kama niko sawa. Nilijiapia nikiulizwa mbele ya watu sitakuaibisha tena na ile yangu. Halafu ukaenda kulia, nikajua nimekosea tena."

Nikamshika mkono, jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa mwanamume asiye wangu, nikamweleza nadhiri yangu yote, tangu siku ile ya kreti. Kwamba hakukosea hata herufi. Kwamba alisema Kiswahili safi kuliko changu, na mimi nilikuwa nimejifunza kutokisikia kwa ajili yake. Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa, alicheka mpaka akaegemea gari, na Kadenge akatoka langoni kutazama kuna nini. Tukamwambia hakuna kitu, maana nani angetuelewa?

Tulipomaliza kufuta macho, Jacktone akasema kwa usalama Kisumu tutumie namba tu. Nimemkatalia. Nimemwambia Kisumu ni kwao, mimi mgeni, na mgeni hufuata saa ya mwenyeji.